Vyombo vya Jirani: Somo kwa Kijana Aliyemaliza Kidato cha Nne, na kwa Sisi Tunaomzunguka



Mpendwa kijana mwenzangu, somo letu la leo linatoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7. Fungua Biblia yako, lisome kwanza, halafu urudi hapa. Ni aya saba tu.

Ninaandika nikiwa Mbangala, Wilaya ya Songwe. Watu wakisikia Mkoa wa Songwe, mawazo yanakwenda Tunduma: mpaka, malori, foleni ya kuingia Zambia. Kwetu ni upande mwingine wa mkoa, upande wa Ziwa Rukwa. Sisi ni watu wa mahindi, ufuta, mifugo na dhahabu. Kijana akimaliza kidato cha nne hapa, kabla hata matokeo hayajatoka, kuna mtu ameshamwita duarani akachimbe au kwenye karasha akabebe mawe. Hela ya siku inaonekana siku hiyohiyo. Chuo kiko mbali, na fomu yake inataka vitu ambavyo nyumbani havipo.

Kabla sijaingia kwenye somo, nina jambo la kuungama mbele yenu. Kwa Padre nimeshaliungama.

Fulana zilishinda

Mwaka ule nilikuwa mweka hazina wa vijana kigangoni kwetu. Jumapili moja baada ya Misa, binti mmoja wa jumuiya yetu alinifuata chini ya mwembe, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada, habari za nyumbani?"

"Nzuri. Kaka, nimepata chuo."

Alikuwa amepata daraja la nne, pointi 28. Kwa wengine hayo ni matokeo ya kufichwa. Yeye alikuwa amekubaliwa chuo cha ufundi, kozi ya umeme wa majumbani. Karatasi ile ilikuwa orodha ya mahitaji: godoro, ndoo, ovaroli, buti, koleo, bisibisi, madaftari, hela ya chakula, nauli. Ada yenyewe haikuwa tatizo kubwa. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachomzuia maskini ni hiyo orodha. Alikuwa amepiga hesabu mpaka ya mwisho: alipungukiwa shilingi 210,000.

Kwenye sanduku letu kulikuwa na 340,000. Tulizipata kwa kupalilia mashamba ya watu, kwa ajili ya fulana za Pasaka. Nilipeleka ombi lake kwenye kikao. Nikalisoma kwa sauti, na jina lake, na hali ya mama yake, kila kitu, mbele ya watu zaidi ya ishirini. Baadhi walicheka kidogo kwa sababu ya zile pointi 28. Tukapiga kura. Fulana zilishinda.

Zilikuwa fulana nzuri. Mgongoni zilikuwa na picha ya Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana.

Mama yake alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Akapewa 200,000, arudishe 300,000 ndani ya mwezi mmoja, na cherehani yake iwe dhamana. Mwezi ulipoisha alikuwa hajafikisha hata nusu. Cherehani ikachukuliwa. Binti akiwa chuoni hakuwa tena na mtu wa kumtumia hela ya chakula, kwa sababu cherehani ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Akavumilia muhula mmoja, akarudi. Nilimkuta kwenye karasha, amejaa vumbi mpaka kope. Akanisalimia vizuri tu, kama siku ile. Ningependa angenitukana.

Sasa twende kwenye somo.

1. Nabii alianza na swali

Mjane wa aya hizi alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Ni mtu wa Kanisa, tungesema leo. Mume amefariki, deni limebaki, na mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo hadithi ya nyumba ya yule binti. Kwetu aliyekuja alibeba cherehani badala ya watoto, lakini mtoto alitoka chuoni vilevile. Ndiyo maana Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:6, inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani. Ukichukua kifaa ambacho mtu anapatia chakula, umechukua uhai wake.

Elisha hakumpa yule mama hela. Hakumhubiria pia. Alimuuliza amfanyie nini, kisha akamuuliza nyumbani ana nini. Mama akajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta.

Wewe uliyemaliza shule na unajiona huna kitu, jiulize swali hilohilo. Nyumbani una nini? Tuhesabu pamoja.

Una matokeo, hata kama ni madogo. Daraja la nne linafungua kozi nyingi za cheti, ilimradi una ufaulu wa masomo ambayo kozi inayataka. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina kozi za ufundi zinazopokea hata aliyeishia darasa la saba. Kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchini, vilivyoanza miaka ya 1970 kwa ajili ya watu ambao mlango wa sekondari uliwafungia. Ukipata sifuri, unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakufika kidato cha nne ana njia ya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Na wewe dada uliyekatishwa shule na ujauzito, tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango wa kurudi kwenye shule za kawaida. Usikubali mtu akuambie ulishamaliza.

Kama umefaulu na hukupenda machaguo uliyojaza ukiwa shuleni, TAMISEMI hutoa muda wa kuyabadilisha kwenye mfumo wao kabla hawajapanga wanafunzi. Kila mwaka vijana wa huku kwetu wanapitwa na muda huo. Hawapitwi kwa uvivu: simu haina bando, au hakuna aliyewaambia.

Una pia cheti cha ubatizo. Hapo wengi hawajui walichonacho. Vijana kibao hapa hawana cheti cha kuzaliwa, na bila hicho kitambulisho cha NIDA kinasumbua, na bila namba ya NIDA huwezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lako, achilia mbali akaunti ya benki. RITA wanaposajili mtu aliyechelewa, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo wanavyopokea, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kumaliza shule. Nenda kwa katekista, nenda ofisi ya parokia, waombe wafungue kitabu. Angalia jina lako limeandikwaje. Kama shuleni unaitwa hivi na kwenye ubatizo unaitwa vile, lishughulikie sasa. Ukisubiri mpaka wiki ya kuripoti chuo utakwama.

Chupa yako ya mafuta ndiyo hiyo. Ni ndogo, lakini miujiza yote ya aya hizi ilitoka humo.

2. Vyombo vilitoka kwa majirani

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi tuliobaki. Nabii alimtuma mama akaazime vyombo kwa majirani wote, vyombo vitupu, na visiwe vichache. Mama akamimina, watoto wakawa wanamletea. Alipoomba kingine akaambiwa hakuna tena, na hapo mafuta yakakoma.

Soma hiyo mara mbili. Mafuta yalikoma kwa sababu vyombo vilikwisha. Kiasi cha baraka kwenye nyumba ile kilipimwa na idadi ya majirani waliokubali kutoa chungu. Fikiria kuna jirani mmoja aliyekuwa na mtungi mkubwa akasema wa kwangu nautumia, au akasema yule mama ana madeni, sitauona tena. Jirani huyo ndiye mimi na kikao chetu cha fulana.

Na angalia kilichoombwa: chombo kitupu. Sisi tunafikiri kumsaidia kijana aende chuo ni kazi ya mfadhili kutoka Ulaya, au ya tajiri wa dhahabu. Vyombo vitupu viko kila nyumba. Mwenye simu janja na bando anaweza kukaa saa nzima na mwenzake wajaze maombi. Mwalimu mstaafu wa jumuiya anaweza kusoma naye fomu mstari kwa mstari. Mwenye bodaboda anaweza kumfikisha Mkwajuni makao makuu ya wilaya bila nauli. Mama mwenye godoro la ziada lililolala stoo. Mjomba anayeishi karibu na chuo anaweza kumpa mahali pa kulala, na kwa hiyo ada inakuwa ya kutwa badala ya bweni. Mzee anayeheshimika anaweza kumdhamini. Hakuna hata mmoja hapo aliyetoa laki.

Na anayekwenda chuo kikuu, ajue habari za Bodi ya Mikopo. Bodi ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 kwa ajili ya elimu ya juu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeongeza baadhi ya kozi za stashahada. Yatima, mwenye ulemavu, na aliyetoka kaya ya TASAF wanaangaliwa kwa namna ya pekee, lakini lazima walete uthibitisho. Huyo anahitaji jirani wa kumkumbusha tarehe ya mwisho na wa kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji. Na wewe wa cheti au ufundi, usidhani kila chuo kina mkopo wa Bodi. Uliza mapema.

3. Mlango ulifungwa

Kuna kitu kidogo katika aya ya 4 na ya 5 ambacho nilikuwa nakiruka. Nabii alimwambia mama afunge mlango, yeye na wanawe, ndipo amimine. Majirani walitoa vyombo, lakini hawakualikwa kutazama.

Mimi nilisoma shida za binti yule kikaoni kwa sauti. Nilidhani ni uwazi wa mweka hazina. Kumbe nilimvua nguo mbele za watu. Hata kama kura ingempa ile 210,000, angetembea na aibu ile kijiji kizima. Siku hizi kwetu ombi linapokelewa na watu watatu: katekista, mama mmoja mtu mzima, na mweka hazina. Kikao kinasikia kiasi na sababu kwa kifupi. Jina linabaki kwa hao watatu. Jumapili hatumsimamishi mtu mbele tumpigie makofi ya kusaidiwa.

Mlango uliofungwa una maana ya pili pia: humo ndani mama na watoto walifanya kazi. Kijana, ukishaletewa vyombo, hakuna wa kukumiminia. Godoro la mama wa jumuiya halitakusomea.

4. Uza, lipa, kisha muishi

Mafuta yalipojaa, mama hakukimbilia sokoni. Alirudi kuuliza afanye nini. Nabii akampa utaratibu wa fedha ambao ningetamani tungefundishwa shuleni: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni kwanza, maisha baadaye. Sisi vijana tunapenda kugeuza: tunaishi kwanza, tena kwa picha, halafu deni tunalipa kwa kukopa pengine.

Sasa tuongee hesabu. Mkopo wa mama yule ulikuwa na riba ya asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Kwenye elimu ya fedha inayotolewa na Serikali, wakopeshaji wa daraja la pili wamekuwa wakiambiwa riba yao isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni shilingi 7,000. Yeye alidaiwa 100,000. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni, na vikundi vya kijamii kama VICOBA vinatakiwa kusajiliwa. Kabla hujaweka dole gumba, omba kuona leseni. Omba mkataba kwa Kiswahili, uondoke nao, usome nyumbani. Akikataa, umeshapata jibu lako. Na hizi programu za mikopo kwenye simu, mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Ukichelewa kulipa wanatuma ujumbe kwa watu wote walio kwenye simu yako. Mlango wako wanaufungua kwa nguvu.

Njia nyingine zipo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Unataka kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti. Mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiunde kikundi cha jina tu, mkagawana hela na kutawanyika. Hela ile ni ya wenzako wanaokuja nyuma. Na kabla ya mkopo wowote, jifunze kuweka. Buku mbili kwa wiki kwenye kikundi ni zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kwa orodha ile ya chuo, karibu nusu ya pengo la binti yule ingezibwa hivyo.

5. Kanisa limewahi kufanya hivi

Usidhani haya ni mambo ya kidunia nimeyaleta kanisani. Karne ya 15 miji ya Italia ilikuwa na kausha damu wake. Mwaka 1462, kule Perugia, Wafransisko walisimamia kuanzishwa kwa mfuko wa kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo. Mifuko ya namna hiyo ikaenea, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ukaikubali. Na yule Yohane Bosco wa kwenye fulana zetu, mwaka 1852 kule Torino, alikaa mezani na mafundi akaandika nao mikataba ya vijana wanaojifunza kazi: wafundishwe ufundi kweli, wasitumikishwe kazi nyingine, wapumzike siku za sikukuu. Sisi tulimvaa mgongoni. Yeye alikuwa anashika kalamu.

Hapa kwetu Tanzania, shirika la CAMFED, lililoanza kazi nchini mwaka 2005, lina utaratibu ulionifundisha sana. Mabinti waliomaliza sekondari wanarudi shuleni kama walezi wa kujitolea, wanawafundisha wadogo zao stadi za maisha. Nao hupata mafunzo na mkopo wa kuanzisha biashara. Riba ya mkopo ule hawailipi kwa shilingi. Wanailipa kwa muda wao wa kuwashika mkono wengine.

Tumeiga hilo. Kijana anayesaidiwa na mfuko wetu akirudi likizo, anakaa Jumamosi mbili na waliomaliza kidato cha nne, wanajaza fomu pamoja. Hiyo ndiyo riba yetu. Chombo chake sasa kinaenda kwa jirani mwingine.

Na yule binti?

Cherehani hatukuikomboa. Tulipokwenda ilikuwa imeshauzwa. Deni lililobaki tulikaa na mkopeshaji, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, likapunguzwa na tukalimaliza kwa kuvuna ufuta wa watu. Nilimwomba msamaha yeye na mama yake, nyumbani kwao, mlango umefungwa. Mama alisema, "Mwanangu, yamepita. Ila msiache." Hayo mawili ya mwisho ndiyo yananifanya niandike somo hili.

Binti ameomba nafasi upya. Ovaroli ipo, buti zipo, koleo alipewa na fundi mmoja wa Mkwajuni. Godoro liko chumbani kwangu, bado na plastiki yake. Tunasubiri Januari.

Maswali ya kutafakari

1. Nyumbani una nini? Andika vitu vitano, usiseme huna.
2. Ni chombo gani kitupu umekificha ambacho kijana mmoja wa jumuiya yako anakihitaji mwezi huu?
3. Mara ya mwisho ulipomsaidia mtu, mlango ulikuwa umefungwa au ulikuwa wazi?
4. Una deni? Umemwambia nani?

Azimio la wiki

Tafuta kijana mmoja aliyemaliza shule na yuko tu nyumbani. Usimpe ushauri. Muulize maswali mawili ya nabii: umfanyie nini, na ana nini. Kisha nenda naye ofisi moja.

Sala

Ee Mungu, Baba wa yatima na mlinzi wa wajane, utusamehe vyombo tulivyovificha. Wape vijana wetu waliomaliza shule moyo wa kuanza na kidogo walichonacho. Uwaepushe na madeni yanayokula nyumba. Utufanye majirani wanaofungua milango wanapoombwa, na wanaojua kuifunga ili mwenzao asiaibike. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.